Usiniambie Utaniombea

Watoto wangu, Alhamisi mlipokuja kwangu mlikaa dakika kumi na moja. Najua kwa sababu redio ya jirani ilikuwa inaanza matangazo ya vifo mlipobisha, na yalikuwa hayajaisha nilipoitazama saa mlipotoka. Msikasirike. Mtu aliyestaafu huhesabu kila kitu, hata nzi.

Mlikuwa watatu: Faith, yule kijana mrefu anayeitwa Dennis, na msichana mwingine ambaye hakutaja jina kwa sababu alikuwa anajibu simu. Mlileta maziwa pakiti mbili na mkate. Mkaimba pambio moja, mkaniambia ni maagizo ya mchungaji kwamba wazee waimbiwe. Faith, anayeniita Shosh kama bibi yake, akaniuliza, "Shosh, uko poa?" Nikajibu, "Niko sawa, mwanangu, Mungu ni mwema." Mkaitikia pamoja, "Kila wakati!" Dennis akaomba mbio mbio, akaliombea goti langu. Halafu mkaniomba niwaandikie kurasa chache kuhusu kazi ya kutembelea wagonjwa, ati mtazisoma kwenye mafunzo ya idara yenu. Mlangoni Faith akanishika bega akasema, "Tutakuombea, Shosh."

Haya, kurasa ndizo hizi. Lakini kwanza niweke uongo wangu mezani tuuone sote. Siko sawa. Tangu mwezi wa pili sijaomba. Sisemi naomba kidogo, au naomba bila nguvu, nasema siombi kabisa. Asubuhi nakaa kitandani, maana magoti yamekataa kupigwa, nafunga macho, nasema "Baba," na neno la pili halitoki. Nangoja. Nasikia watu wa ploti wakichota maji, wakigombana, watoto wakiitwa shule. Nafungua macho, nachemsha chai.

Miaka ishirini na sita nimeomba katika nyumba za watu, Lindi, Raila, mitaa ya mabanda ya Nairobi, mpaka huku Kawangware 46 ninakoishi sasa. Nimeombea watu waliopona na watu waliokufa nikiwa nimewashika mkono. Na sasa, ndani ya nyumba yangu mwenyewe, siwezi. Naogopa, watoto. Naogopa kwamba huenda sikuwahi kuwa na Mungu wangu mwenyewe. Huenda nilikuwa na Mungu wa kazini tu, na siku niliyostaafu nikamrudisha ofisini pamoja na funguo za kanisa. Sijamwambia mchungaji. Nawaambia ninyi kwa sababu mmeomba niwafundishe kazi, na siwezi kuwafundisha huku nawadanganya.

Kazi yenyewe nilifundishwa na Mama Achieng. Wengi wenu hamkumwona. Alikuwa mama wa Kijaluo kutoka upande wa ziwa, mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuuza omena, wale dagaa wa ziwani, na kweli omena aliuza, kila asubuhi kabla ya kwenda kwa wagonjwa. Harufu ilimtangulia. Wagonjwa wa Lindi walikuwa wakisema wakisikia omena wanajua Roho Mtakatifu yuko njiani. Mimi nilikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, nimetoka Kitui, nimeachwa na bwana kwa sababu sikuzaa, na nimeokoka majuzi tu. Mtu aliyeokoka majuzi ni hatari kuliko pikipiki isiyo na breki. Kanisa letu la mabati pale Raila likanipa ufagio wa Jumamosi, na siku nyingine nimfuate Mama Achieng nikimbebea begi. Jina langu ni Kalekye, lakini yeye aliniita nyar Kitui, yaani binti wa Kitui, na sijaitwa jina tamu kuliko hilo tangu mama yangu afe.

Jambo la kwanza alilonifundisha lilikuwa mpangilio. "Nyar Kitui," alisema, tumesimama kwenye matope ya Lindi, mimi nikiwa nimeshika Biblia tayari tayari, "Paulo alisema roho, nafsi na mwili. Umesoma?"

"Nimesoma, Mama."

"Alianza na roho kwa sababu alikuwa anaandika barua. Angekuwa anapanda hapa na begi, angeanza na mwili. Rudisha Biblia ndani. Toa uji."

Basi hivyo ndivyo tulivyofanya. Mwili kwanza: amekula, ameoga, dawa ipo, shuka ni kavu. Halafu nafsi: unakaa, unasikiliza, huna haraka. Roho ni mwisho, na mara nyingi ukishafanya yale mawili vizuri, mgonjwa mwenyewe ndiye anayeanza kuomba, wewe unaitikia tu.

Sasa mwandike haya kwenye vitabu vyenu, maana hamtayapata kwenye semina. Ukifika mlangoni, gonga bati kwa kiganja, si kwa ufunguo wala kijiti. Mlio wa ufunguo ni wa mwenye ploti anayekuja kudai kodi, mgonjwa atanyamaza ajifanye hayupo. Taja jina lako kabla hajauliza. Usikae kitandani mpaka ukaribishwe, kile kitanda ndicho sebule yake. Usiulize "unaendeleaje?" Mtu aliyeokoka ana jibu moja tu kwa swali hilo, mmelisikia kwangu Alhamisi. Uliza, "Jana jioni ulikula nini?" Akisita, angalia jiko. Jivu likiwa limeshikana kwa unyevu, hapo hapajapikwa siku nyingi, hata akikuapia alikula pilau. Na usifunge macho yote mawili ukiomba kama kuna mtoto na jiko ndani ya chumba kimoja. Mama Achieng aliomba jicho moja likiwa wazi. Nimemsikia kwa masikio yangu akisema, "Bwana tunakushukuru kwa damu yako toa mkono kwenye sufuria wewe! Amina."

Na ombeni kwa sauti ya chini. Bati haliweki siri. Mwaka wangu wa kwanza nilimwombea dada mmoja wa Raila kwa nguvu, nikautaja ugonjwa wake kwa jina nikiukemea utoke, na kabla jua halijatua ploti nzima ilikuwa inaujua. Ugonjwa haukutoka. Yule dada ndiye aliyetoka, alihama wiki hiyo hiyo, na sikumwona tena kumwambia pole.

Lakini kosa langu kubwa lilikuwa la Mzee Mutua.

Mzee Mutua alikuwa fundi viatu, mtu wa Machakos, mjane, anaishi peke yake Lindi. Alikuwa na ugonjwa wa sukari na alimeza dawa asubuhi na jioni. Mnajua mwanzo wa mwaka kanisa letu hufunga na kuomba siku ishirini na moja. Mama Achieng alikuwa amekwenda kwao kwenye matanga, nikaachiwa wagonjwa wote peke yangu. Aiya, nilijiona mtume! Nikamwendea Mzee Mutua nikamwambia, "Mzee, kanisa zima linafunga. Na wewe jiunge, hata wiki moja tu, uone Mungu atakavyofanya na hiyo sukari."

Akaniangalia. "Na dawa?"

"Dawa meza," nikamwambia. "Sisi si kama wale wanaotupa dawa za watu. Acha chakula tu."

Mnaona ujinga huo? Nilijisifu njiani nikirudi. Nilijiona mwerevu, mtu wa imani lakini mwenye akili za hospitali pia. Siku ya tatu jirani yake mwenye kibanda cha chai alimkuta chini katikati ya viatu vya watu, jasho linamtoka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Yule jirani alikuwa na akili kuliko mimi, alimtia sukari mdomoni, wakambeba mpaka zahanati. Daktari akaeleza kitu rahisi kabisa: dawa yenyewe inashusha sukari, na tumboni hakukuwa na kitu. Angechelewa kidogo tungezika.

Mama Achieng aliporudi nilitegemea kelele. Hakupiga kelele. Alikaa juu ya debe lake la omena akaniuliza, "Ulimwombea yule mzee?"

"Nilimwombea, Mama. Sana."

"Ulimuuliza kama anataka kufunga?"

Nikaanza kupanga vitu ndani ya begi.

"Wiki mbili," akasema. "Kila asubuhi utampelekea uji. Na huko hutaomba. Hutaimba. Hutasema hata Bwana asifiwe. Mdomo wako utaufungua kwa kuonja uji peke yake."

Nilienda. Siku nne za kwanza Mzee Mutua alikunywa akiwa amenipa mgongo. Siku ya tano akasema, "Uji wako una mabonge." Nilifurahi kama mtu aliyebatizwa. Siku ya tisa, akishona kiatu, akaniambia jambo ambalo nimelibeba mpaka leo. Aliniambia hakufunga kwa imani. Alijua kabisa atadhurika, alikuwa ameshaambiwa zahanati. "Lakini wewe ndiye mtu pekee aliyekuwa anaingia humu wiki nzima," akasema. "Niliona nikikataa hutarudi. Ungeniambia nile jiwe, ningekula."

Nilikaa na kikombe mkononi sijui nikiweke wapi. Miezi mingi nilikuwa nakwenda kule kuiponya roho yake, na hata siku moja sikuona kwamba mzee wa watu alikuwa anakufa kwa upweke, na alikuwa tayari kufa kwa njaa ili tu mlango wake ubishwe. Hiyo ndiyo nafsi, watoto. Hamtaiona kwenye kadi ya hospitali. Siku ya mwisho ya adhabu yangu akaniambia, "Haya, sasa omba." Nikamwambia sina ruhusa. Akacheka mpaka akakohoa, akavua kofia, akaomba yeye, kwa Kikamba, akataja jina la marehemu mke wake na langu pia.

Mambo siku hizi yamebadilika, na sisemi yote ni mabaya. Zamani dawa ya mtu ikiisha tulijua baada ya wiki, leo mnaandika kwenye grupu la simu na ndani ya saa moja mtu ameipeleka. Hilo nalisifu. Lakini juzi mmoja aliandika mama yake amelazwa, na simu yangu ikajaa ile picha ya mikono miwili iliyoshikana ya kuomba. Mikono, mikono, mikono, nikashuka mpaka kidole kikachoka. Sikuona mtu hata mmoja aliyeuliza yuko wodi gani. Mimi mwenyewe niliweka mikono, halafu nikaweka simu chini nikaendelea kuchambua maharagwe. Kwa hiyo ninaposema, najisema pia.

Neno hilo "nitakuombea" nimelitumia miaka yote. Ni neno zuri la kutokea mlangoni. Mgonjwa akianza kulia na una nyumba nyingine tatu mbele yako, unalisema, unamshika bega, unaondoka. Wala si kwamba unadanganya, unakusudia kweli kuomba. Kisha unakutana na mtu njiani, mvua inakunyeshea, unafika kwako umechoka, unalala.

Mama Achieng alipozeeka alirudi kwao ziwani, mimi nikarithi begi lake. Tulipigiana simu. Mwanzoni kila Jumapili, halafu mara moja kwa mwezi, halafu nikiona jina lake kwenye simu nasema nitampigia jioni. Mwaka jana, nikiwa bado kazini, alinipigia nikiwa nashuka Lindi, simu nimeibana kwa bega, mkono mmoja begi na mwingine nashikilia ukuta nisiteleze. Akasema, "Nyar Kitui, uko mbio?"

"Kidogo, Mama. Unaendeleaje?"

Ona swali nililomuuliza! Mimi! Yeye ndiye aliyenikataza.

"Namshukuru Mungu," akasema. Halafu akaongeza, "Niombee. Nyumba imekuwa kubwa. Watoto wako mjini, nasikia kuku tu. Mimi ninayejua kuomba sasa sijui naanzia wapi. Wewe niombee."

Nikasema, "Nitakuombea, Mama." Nikakata simu kwa sababu nilikuwa nimefika mlango wa mgonjwa.

Sikumwombea. Sio kwamba nilimwombea kidogo. Nilisahau kabisa, kama mtu anavyosahau kurudisha sufuria ya jirani. Wiki hiyo, mwezi huo, na ulioufuata. Goti likanishinda, nikastaafu, nikaagwa kwa keki na leso. Mwezi wa pili mwaka huu mkaza mwanawe akanipigia simu kwamba Mama amefariki usingizini, na mazishi ni Jumamosi.

Sikuweza kusafiri kwa sababu ya goti. Wakasema basi Mama alikutaja sana, wewe utaomba kwa simu, tutaiweka kwenye spika watu wote wasikie. Nikajiandaa. Nikavaa hata kitambaa cha kichwa, mimi peke yangu hapa chumbani Kawangware, kana kwamba wananiona. Nikasikia watu wengi wakinyamazishwa, kuku, mtoto akilia. Mtu akasema, "Sasa tunaombewa na rafiki wa Mama kutoka Nairobi." Nikasema, "Baba."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Lindi, ukuta, begi, sauti yake ikisema wewe niombee. Mtu aliyenifundisha kila neno la maombi ninalojua alikuwa ameniomba kitu kimoja tu maishani, na alikuwa anangoja, na sasa yuko kwenye sanduku. Neno la pili halikutoka. Nikasikia, "Halo? Halo? Mama Kalekye? Netiweki imepotea." Watu wakaguna. Mtu mwingine akasema, "Nairobi netiweki ni mbaya." Nikawaacha waamini hivyo. Nikakata simu pole pole, nikavua kitambaa.

Mpaka leo ndipo nilipo. Najua mtakachosema. Mtasema Mungu hakuhitaji maombi yangu ili amtunze Mama Achieng. Watoto, hayo nimewaambia watu kabla ninyi hamjazaliwa. Lakini yeye hakuomba muujiza. Alitaka mtu mmoja akae mahali, atulie, amtaje kwa jina mbele za Mungu na asiwe na haraka. Ni dakika mbili. Na sasa mimi naijua hiyo nyumba kubwa aliyoisema, ingawa yangu ni futi kumi kwa kumi. Siku nyingine sisemi neno mpaka jua linatua, nikija kununua mkaa sauti yangu inatoka kama ya mgeni.

Nilikuwa nimekusudia kumalizia hapo niwape kurasa zenu. Lakini Jumamosi kulitokea jambo, na kwa kuwa ni la kazi yetu, itabidi niliandike.

Mkabala na mlango wangu anakaa Mama Shiru, yule mwenye redio. Anauza mutura, soseji za matumbo ya mbuzi, jioni pale njia panda. Kanisani haendi, anasema wahubiri wanamkopa mutura. Mimi na yeye tulikuwa na vita vya mwaka mzima, vya maji machafu. Mimi nikimwaga beseni langu yanateremka mpaka kwake, yeye akifagia yanarudi kwangu. Jumamosi asubuhi alikuja amefunga leso kiunoni, tayari kwa vita.

"Shosho, leo tutaelewana! Hayo maji..." Alikuwa anaangalia miguu yangu.

Nilikuwa sijavaa viatu. Nitawaambia ukweli wa mwili wangu, maana ndiko tunakoanzia. Tangu goti lianze siwezi kujikunja kufikia miguu yangu. Kucha za vidole zimekua, zimejikunja, mbili zimeingia ndani ya nyama. Ndiyo sababu nachechemea hivi. Mlipokuja mliona nachechemea mkaombea goti, na mimi nikasema amina kwa sababu niliona haya kutaja kucha.

"Haiya!" Mama Shiru akasema. "Hizi ni kucha ama ni za tai? Kwani huna mtu?"

"Nina kanisa," nikamjibu kwa ukali.

Akaenda kwake. Nikadhani amekwenda kuchukua ufagio. Akarudi na beseni la maji moto, chumvi na wembe mpya, akaketi chini sakafuni kwangu, akauchukua mguu wangu wa kulia akautia majini bila kuniuliza. Nikamwambia aache, ni mchafu. Akasema, "Nyamaza wewe. Mimi naosha matumbo ya mbuzi kila siku, mguu wako utanishinda?"

Akauweka mguu mapajani mwake, akaanza. Alikata kidogo kidogo, akipangusa, akipuliza. Nilijaribu kukumbuka ni lini mtu alinigusa kwa muda mrefu kuliko salamu ya kanisa. Nikarudi nyuma, mwaka, miaka, sikukumbuka. Nikaanza kulia. Mimi si mtu wa kulia, muulizeni mchungaji.

Akainua wembe haraka. "Nimekukata?"

"Hapana."

"Sasa unalia nini?"

Nikamwambia. Yote: omena, Lindi, simu niliyoibana kwa bega, matanga, netiweki. Nilimwambia muuza mutura jambo ambalo sikumwambia mtu yeyote wa kanisa. Yeye hakuniambia nisilie, wala hakuniambia Mungu ni mwema. Aliendelea kukata. Nilipomaliza, akamalizia kidole kile kidogo, kisha akasema, "Basi si umwombee sasa."

"Ameshakufa, Mama Shiru. Kanisa letu haliombei waliokufa."

"Mimi hayo ya kanisa lenu siyajui," akasema. "Ulimwambia utaomba. Hukuomba. Omba."

"Siwezi. Nimejaribu tangu mwezi wa pili. Neno halitoki."

"Si mimi niko hapa? Anza, nitaitikia."

Redio yake ilikuwa imezimwa, ndipo nilipogundua. Mguu wangu ulikuwa bado mapajani mwake, umeoshwa, mwekundu kwa maji moto. Sikufunga macho. Nikasema, "Baba." Nikangoja, nikasikia mtu akichota maji huko nje, na Mama Shiru hakunisukuma. Nikasema, "Baba, nimechelewa. Anaitwa Achieng."

"Amina," akasema Mama Shiru. "Lete ule mguu mwingine."